Mauzo ya Nyumba Yasiwe Safari ya Miezi

Kuuza nyumba si sawa na kuuza kuku sokoni. Kuku hushikwa miguu, hupimwa uzito kwa mkono, bei hutajwa, fedha hutolewa, na kila mtu hushika njia yake. Nyumba haishikiki hivyo. Anayenunua nyumba hununua, kwa hakika, maandishi: jina lake liandikwe pale lilipokuwa jina la mwingine. Hadi hapo, hata akiwa amekwisha hamia, amebadili kufuli na kupaka rangi upya, mbele ya sheria bado ni mgeni aliyelipa.

Kwa sababu hiyo, swali la muda ambao mauzo ya nyumba huchukua hadi kukamilika si la madalali na mawakili peke yao. Linamgusa mwalimu aliyestaafu Tabora ambaye anataka kuuza nyumba yake ya mjini ili akaishi kwao Rungwe. Linamgusa mtumishi aliyepewa uhamisho. Linawagusa warithi ambao hawawezi kugawana kuta na sasa wameafikiana kugawana fedha. Watu hawa wamekwisha pata mnunuzi, bei imekubaliwa, ugomvi hakuna. Kilichobaki, kwa maneno yao wenyewe, ni karatasi tu. Hizo karatasi tu ndizo zinazokula msimu mzima.

Nchini Uingereza tatizo hili lina jina. Huko mtu anayeuza nyumba, mara nyingi, anauza ili anunue nyingine. Na yule atakayemwuzia naye anauza ili anunue kwa mtu wa tatu, hata familia kadhaa zikajikuta zimefungwa pamoja zikiisubiri siku moja ya kuhama. Waingereza huuita mpangilio huo mnyororo. Mmoja akinyimwa mkopo, au akighairi, wote husimama na mizigo yao mlangoni. Ndiyo maana nyumba isiyo na mnyororo, yaani ambayo mwenyewe amekwisha hama au iliyoachwa na marehemu, na ambayo mnunuzi wake ni mpangaji asiye na nyumba ya kuuza, hutangazwa kama bahati.

Mtu angetarajia mauzo ya namna hiyo yamalizike katika wiki moja au mbili. Hayamaliziki. Kwa kawaida huchukua kati ya wiki 8 na 12 tangu bei ikubaliwe hadi funguo zikabidhiwe, na si ajabu muda huo ukapita. Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Katika England na Wales makubaliano ya mdomo juu ya bei hayamfungi yeyote. Sheria ya mwaka 1989 inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi na utiwe saini na pande zote mbili. Hadi siku ambayo mawakili wanabadilishana mikataba hiyo, muuzaji anaweza kuipeleka nyumba kwa mwenye bei kubwa zaidi, na mnunuzi anaweza kwenda zake bila kudaiwa kitu.

Basi kabla ya kujifunga, wakili wa mnunuzi huandika barua kwa halmashauri ya mji kuuliza habari za barabara, mipango ya ujenzi na vizuizi vilivyowekwa juu ya kiwanja. Huuliza kampuni ya maji habari za mifereji. Benki hutuma mtu wa kupima thamani. Fedha za mnunuzi huchunguzwa zilikotoka. Nyumba ikiwa ni ghorofa moja katika jengo la wengi, kampuni inayosimamia jengo hutakiwa kutoa hesabu za michango, na kampuni hizo hazina sifa ya haraka. Mikataba ikishabadilishwa, mnunuzi kwa kawaida hutoa asilimia 10 ya bei, na wasipotaja siku ya kukamilisha, masharti ya kawaida ya mauzo hutoa siku 20 za kazi.

Zikijumlishwa saa ambazo watu hao wote wanaishughulikia nyumba hiyo hasa, ni chache mno. Siku zilizosalia ni za barua kukaa juu ya meza ikisubiri barua nyingine.

Serikali ya huko ilijaribu kulipunguza tatizo hilo. Mwaka 2007 ilianza kumtaka kila muuzaji wa nyumba aandae kifurushi cha nyaraka kabla hajaitangaza nyumba: hati, majibu ya halmashauri, cheti cha matumizi ya nishati. Wazo lilikuwa jema, lakini vifurushi vilidharauliwa. Mawakili wa wanunuzi waliendelea kuuliza upya yale yale, benki zilitaka wapimaji wao, na majibu yalichakaa nyumba ikiwa bado haijapata mteja. Mpango ulisitishwa Mei 2010. Scotland, ambayo ina sheria zake za ardhi, ilianza mpango unaofanana na huo Desemba 2008, ila ikatia ndani yake ripoti ya mpimaji mwenye sifa kuhusu hali ya nyumba na thamani yake. Mpango huo ungali unatumika. Tofauti kati ya mipango hiyo miwili inafaa kuzingatiwa na kila mtu anayebuni fomu mpya ofisini: karatasi isiyoaminiwa na meza inayofuata huongeza kazi badala ya kuipunguza.

Mambo ya Waingereza yanatajwa hapa kwa sababu utaratibu wa usajili wa ardhi wa Tanzania Bara uliundwa wakati wa utawala wao, kwa sheria ya mwaka 1953, na mengi ya msamiati wake na mihuri yake yamebaki. Yanatajwa pia kwa sababu nyingine. Hapa nchini mnyororo wa wauzaji na wanunuzi ni nadra. Mtanzania hujenga kidogo kidogo, tofali kwa tofali, na anapouza nyumba haimlazimu kununua nyingine siku hiyo hiyo. Kwa kipimo cha Uingereza, karibu kila mauzo ya nyumba Tanzania ni yale ya bahati. Mbona basi nayo huchukua miezi?

Jibu linaanzia katika ardhi yenyewe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye hati ana haki ya kumiliki kwa muda uliotajwa, usiozidi miaka 99, na kwa masharti. Kwa hiyo katika kila mauzo yupo mtu wa tatu, naye ni umma, ambaye hana budi kujua nani anatoka na nani anaingia. Hilo si kosa. Nchi isiyojua nani anamiliki kiwanja gani haiwezi kupima barabara, kutoza kodi wala kumlinda mnyonge. Lakini umma hauna mkono wa kushika kalamu. Kalamu hushikwa na ofisa, na hapo ndipo safari inapoanzia.

Safari yenyewe ni hii. Mnunuzi mwangalifu huomba upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati ili athibitishe kwamba anayejiita mwenye nyumba ndiye aliyeandikwa, na kwamba hakuna rehani wala zuio. Mkataba huandikwa na kushuhudiwa na wakili. Mthamini huikagua nyumba, na taarifa yake hupelekwa kwa Mthamini Mkuu wa Serikali iidhinishwe. Kamishna wa Ardhi hupewa taarifa ya uhamisho, na pale sheria inapotaka kibali chake, hicho nacho husubiriwa. Kodi ya pango la ardhi hutakiwa iwe imelipwa hadi mwaka wa mwisho. Kisha ni Mamlaka ya Mapato: muuzaji mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida aliyoipata, na bila cheti cha mamlaka hiyo uhamisho hausajiliwi. Ushuru wa stempu, asilimia 1, hufuata. Mwisho kabisa jalada hurudi kwa Msajili, lilikotoka.

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2020 kuhusu mazingira ya biashara ilitaja kwamba kuhamisha jengo jijini Dar es Salaam kulichukua hatua 8 na siku 67. Rwanda, kwa kipimo hicho hicho, ilitajwa kuwa na siku 7. Ripoti hizo zilikomeshwa mwaka 2021 baada ya kasoro kugunduliwa katika takwimu za baadhi ya nchi, na si busara kuziapia. Hata hivyo inafaa kukumbuka ni jengo gani lililopimwa: lisilo na deni, lisilo na mgogoro, lenye hati safi, likiuzwa na kampuni moja kwa nyingine. Yaani ni mauzo mepesi kuliko yote. Mwalimu wa Tabora, ambaye hati yake ina jina lililokosewa herufi moja, hakuwamo katika hesabu hiyo. Na Rwanda haikufika ilipofika kwa kuwakemea makarani peke yake. Kabla ya hapo ilipima na kuandikisha vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 nchi nzima, ili anayekuja kuhamisha asianze kwa kutafuta mipaka.

Ni rahisi kuulaumu urasimu, na sehemu ya lawama unaistahili. Lakini ukweli hauna budi kusemwa wote: wananchi, na miongoni mwao wasomi na watumishi wa umma, hujichelewesha wenyewe. Wapo wanaokaa miaka 8 bila kulipa kodi ya pango la ardhi, wakaikumbuka siku mnunuzi anapokuja na fedha. Wapo wanaouza nyumba ya familia bila mke kujua, ilhali Sheria ya Ndoa imekataza jambo hilo tangu mwaka 1971. Mke anaposikia, huweka zuio, na ana haki. Wapo wanaouza nyumba iliyo bado kwa jina la baba aliyefariki zamani, hali mirathi haijafunguliwa wala msimamizi hajateuliwa na mahakama. Mauzo ya namna hiyo hayacheleweshwi na ofisi yoyote, kwa sababu hayajaanza.

Kuna na hila ya bei. Muuzaji na mnunuzi hukubaliana waandike katika mkataba bei ndogo kuliko ile iliyolipwa, ili kodi ipungue. Wanajiona wajanja. Mthamini Mkuu anapokataa thamani hiyo, jalada hurudishwa, na wiki hupotea. Ugomvi ukizuka baadaye, mnunuzi hugundua kwamba karatasi pekee aliyo nayo inasema alilipa nusu ya alicholipa. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba wengi wao hawakuhitaji hila yoyote. Sheria ya Kodi ya Mapato inaisamehe nyumba ambayo mwenyewe ameimiliki na kuishi ndani yake kwa miaka 3 au zaidi, ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15. Inamruhusu pia muuzaji kutoa gharama za kununua kiwanja na kujenga kabla faida haijahesabiwa. Mwalimu aliyehifadhi risiti zake za saruji na mabati angelipa kidogo, au asilipe kabisa, bila kudanganya. Ni walimu wangapi wamewahi kuelezwa hivyo na ofisa aliyekaa nyuma ya dirisha?

Hapo ndipo lawama inaporudi ofisini. Mwananchi aliyelipa kila kitu na kusema kweli bado husubiri, na mara nyingi husubiri kwa namna inayomfedhehesha. Leo huambiwa picha hazitoshi. Akizileta, huambiwa fomu haina muhuri wa wakili ukurasa wa pili. Akiurudisha muhuri, huambiwa ofisa mwenye kuidhinisha yuko kwenye semina, na hakuna aliyeachiwa kazi yake. Dosari hizo tatu zilikuwamo ndani ya jalada siku ya kwanza. Karani aliyelipokea angeweza kuziona zote kwa dakika tano na kuziandika kwenye karatasi moja. Kuzitaja moja moja, kila moja na nauli yake, ni uzembe. Na pale ambapo kila dosari mpya huisha kwa kupeana mkono wenye noti, si uzembe tena, ni rushwa.

Watumishi wa ofisi hizo watasema, na si uongo, kwamba majalada ni mengi na watu ni wachache. Katika masjala nyingi kumbukumbu za zamani zimelala katika karatasi zilizochakaa, na kulipata jalada moja kunaweza kuchukua siku nzima. Tangu mwaka 2020 ofisi za ardhi zilipofunguliwa mikoani, watu wengi hawalazimiki tena kusafiri hadi makao makuu ya kanda. Kumbukumbu nazo zimekuwa zikihamishiwa kwenye kompyuta. Hayo ni maendeleo yanayostahili kutajwa. Lakini kompyuta huonyesha tu jalada liko kwenye meza ya nani. Haimwamshi aliyelala juu yake.

Ucheleweshaji huu una hatari ambayo watu hawaioni hadi iwakute. Kwa sheria ya usajili, uhamisho haupitishi miliki hadi usajiliwe. Katika zile wiki ambazo fedha zimekwisha lipwa na jina halijabadilishwa, muuzaji mwenye tamaa anaweza kuiuza nyumba mara ya pili. Anaweza kufariki, na warithi wakasema hawamjui mnunuzi. Anaweza kudaiwa, na mdai wake akaikamata nyumba ambayo kwenye daftari bado ni yake. Huko England mnunuzi huomba upekuzi maalumu unaomhifadhia nafasi yake kwa siku 30 za kazi, ili mwingine asiingizwe mbele yake katika daftari. Hapa nchini anayejua hujilinda kwa kuweka zuio kwa Msajili mara tu anapotia saini mkataba. Wasiojua ni wengi, nao hujilinda kwa kumpigia simu muuzaji kila Jumapili.

Wengine, wakiogopa safari yote hiyo, hawaianzi. Huandikiana karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wawili wakatia saini, mhuri ukagongwa, na mnunuzi akahamia siku ile ile. Mauzo hayo hukamilika kwa saa moja, na ndiyo sababu yanapendwa. Lakini hati ikiwapo na ikabaki kwa jina la muuzaji, hakuna kilichohama. Mnunuzi hataweza kuiweka nyumba hiyo rehani benki. Watoto wake watarithi karatasi ya mtaa na pamoja nayo watarithi kesi. Mwalimu mkuu anayeombwa na jirani kuwa shahidi wa karatasi ya namna hiyo angefanya vema kuuliza kwanza iwapo kiwanja kina hati, na iko wapi.

Mengi katika safari hii yanaweza kufanywa kabla mnunuzi hajapatikana. Upekuzi wa hati unaweza kuombwa na mwenye nyumba mwenyewe, akajua mapema iwapo jina lake limekosewa au rehani ya mkopo uliokwisha lipwa bado haijafutwa. Kodi ya pango la ardhi inaweza kulipwa leo. Ridhaa ya mke au mume inaweza kuandikwa na kushuhudiwa leo. Mirathi inaweza kufunguliwa kabla ya mtu kutaja bei. Mwenye kuyafanya hayo anamwuzia mnunuzi nyumba pamoja na wiki kadhaa za maisha yake. Vyama vya walimu na vya watumishi, ambavyo huwaandaa wanachama wao kwa kustaafu kwa semina za ufugaji wa kuku na mizinga ya nyuki, vingeweza kutenga asubuhi moja kwa jambo hili.

Kwa upande wa ofisi, hatua nyingine hazina sababu ya kusubiriana. Uthamini na taarifa kwa Kamishna vinaweza kwenda pamoja. Hesabu ya kodi inaweza kuanza thamani inapoidhinishwa, badala ya kungoja muuzaji mwenyewe abebe nakala kutoka jengo moja hadi jingine, wakati majengo yote mawili ni ya Serikali moja. Nakala ya kitambulisho iliyopokelewa na meza ya kwanza isidaiwe tena na meza ya tatu. Na dosari zote za jalada zitajwe kwa maandishi siku linapopokelewa, zikiwa na jina la aliyezitaja, ili meza inayofuata isibuni nyingine.

Juu ya kila jalada la uhamisho ziandikwe tarehe tatu: ya kupokelewa, ya kumfikia ofisa anayehusika, na ya kutoka kwake. Ofisi yenye tarehe hizo itakuwa na jibu mwananchi anapouliza nyumba yake imefikia wapi. Isiyokuwa nazo, mkuu wake aeleze anamwambia mstaafu arudi Jumatatu kwa msingi gani.